Injini ya hewa inayochemka: wapi upake, wapi uache chuma kitupu

SWALI: Nina pikipiki ya silinda moja, cc 150, inayopoozwa kwa hewa. Nikipanda mlima mrefu na mzigo inachoka, inaanza kugonga, na nikisimama inanuka oili iliyoungua. Sasa nimeifungua ili nibadilishe ringi. Fundi mmoja ananishauri nipake kauri kila mahali: juu ya pistoni, ndani ya silinda hedi, mpaka kwenye mapezi ya nje, yale mabapa membamba ya kupoozea yanayoizunguka silinda. Wa pili anasema mapezi yapakwe rangi nyeusi tu, basi. Wa tatu anasema rangi yoyote kwenye mapezi ni blanketi. Nimsikilize nani? Na mbona bomba la ekzosi limegeuka bluu pale shingoni?

JIBU:

Ndugu yangu, mafundi wako watatu kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na wa kwanza ndiye atakayekutia hasara ukimfuata mpaka mwisho. Neno linalowachanganya ni hilo "mpako wa joto". Limebeba vitu viwili vyenye kazi zinazopingana: kuna mpako wa kuzuia joto lisipite, na kuna mpako wa kusaidia joto litoke. Ukipaka wa kwanza mahali pa wa pili, umeivalisha injini koti zito wakati inatafuta upepo. Mpako wenyewe hauna ubaridi wowote ndani yake. Unachoweza kufanya ni kuamua joto lipite njia ipi, kwa hiyo kabla ya kushika bunduki ya rangi tuifuate kwanza safari ya joto lenyewe.

Petroli inapoungua, gesi ndani ya chemba hupanda kwa muda mfupi sana hadi zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi. Kwenye injini ndogo kama yako, robo hadi theluthi hivi ya nishati hiyo ndiyo inayogeuka kuwa nguvu ya kusukuma gurudumu. Karibu theluthi nyingine inatoka na moshi. Iliyobaki inaingia kwenye chuma na oili, na hiyo ndiyo mapezi yanayohangaika nayo. Inaingia kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ni uso wa juu wa pistoni: joto linashuka, linavuka kwenye ringi hadi ukuta wa silinda, kisha linafika kwenye mapezi. Wa pili ni chemba ya mwako ndani ya silinda hedi. Wa tatu watu wengi wanausahau: ni tundu la ekzosi, ule mfereji mfupi unaoanzia kwenye vali na kuishia pale unapofunga bomba. Gesi inayopita hapo bado ina nyuzi 700 au 800, inakwenda kwa kasi na kwa vurugu, na pembeni yake kuna alumini.

Alumini haipendi joto hilo. Aloi za silinda hedi huanza kupoteza ugumu ukivuka nyuzi 200 na kidogo, muda mrefu kabla ya kuyeyuka. Watengenezaji wa injini za ndege zinazopoozwa kwa hewa wanalijua hili vizuri: Lycoming huweka kikomo cha nyuzi 260 kwenye silinda hedi za injini zake nyingi, na papo hapo inashauri zitumike chini kabisa ya hapo kama mwenye ndege anataka zidumu. Ndiyo maana kila nyuzi kumi unazozipunguza kwenye hedi zina thamani.

Sasa tuanze na ugomvi wa mapezi, maana hapo ndipo hesabu ndogo inamaliza maneno mengi.

Rangi ya kawaida hupitisha joto vibaya. Ukipima kwa wati kwa mita kwa kila nyuzi moja, rangi iko kwenye 0.2 hivi, wakati alumini ya kusubu iko kwenye 150. Ukiona namba hizo peke yake utamuunga mkono fundi wa tatu papo hapo. Lakini angalia unene. Tabaka moja jembamba la rangi ya kupuliza lina maikroni 25, yaani sehemu ya arobaini ya milimita. Gawa unene huo kwa 0.2 na unapata ukinzani wa 0.000125. Upande wa pili wa rangi kuna hewa, na hewa ndiyo mbishi mkubwa: pikipiki ikiwa kwenye mwendo, kila mita ya mraba ya pezi hutoa wati 50 hivi kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto, ambayo ni ukinzani wa 0.02. Linganisha. Rangi ni sehemu moja ya 160 ya kizuizi ambacho hewa yenyewe imeshakiweka. Blanketi hilo ni jembamba kuliko utando wa buibui.

Fundi wa tatu hata hivyo si mwongo, ila alikosea kusema "rangi yoyote". Rangi ya unga, ile inayopulizwa kwa umeme kisha ikaokwa, hukaa maikroni 60 hadi 100, na kwenye mashina ya mapezi inaweza kujikusanya ikawa nene zaidi. Ukiwa na maikroni 100 umeshaongeza ukinzani kwa zaidi ya asilimia mbili. Juu yake mtu akarudia rangi kila anapotaka pikipiki ing'ae, na baada ya miaka tabaka zimepandana. Injini inayofanya kazi karibu na kikomo chake haistahili mzigo huo kwa ajili ya urembo.

Ila kama unatafuta blanketi la kweli, liko kwenye injini yako sasa hivi, na hakuna fundi aliyelitaja. Oili inayovuja kidogo kwenye gasketi inashika vumbi, vumbi linashika oili zaidi, na katikati ya mapezi panajengeka ukoko. Chukua ukoko wa milimita mbili tu. Kwa upitishaji joto ule ule wa 0.2, ukinzani wake ni 0.01: nusu nzima ya ukinzani wa hewa, umeongezwa juu yake. Na hapo sijahesabu kwamba umeziba pia nafasi ambayo upepo ulitakiwa kupita. Chukua kijiti cha mti au brashi ya nailoni, mafuta ya taa au sabuni ya kuondolea grisi, safisha mpaka uone chuma chini kabisa kwenye shina la kila pezi, hasa nyuma ya silinda ambako macho hayafiki. Kazi hii ya saa moja itakupa zaidi ya mpako wowote unaopakwa nje.

Na ile rangi nyeusi ya fundi wa pili? Chuma cha moto hutoa joto kwa njia mbili kwa wakati mmoja: hewa inalibeba, na mionzi isiyoonekana kwa macho inalirusha. Alumini safi ni mchoyo wa mionzi. Iliyong'arishwa sana hutoa asilimia 5 hivi ya kile ambacho uso mweusi kamili ungetoa, na iliyosubuliwa, ikiwa imechakaa kidogo, hutoa asilimia 10 hadi 30. Rangi inaipandisha mpaka 90. Kinachowashangaza wengi ni kwamba hata rangi nyeupe inafika karibu hapo hapo, kwa sababu kwenye nyuzi 150 mionzi ina urefu wa wimbi wa maikroni 7 hivi, mbali kabisa na mwanga tunaouona, na kwa mionzi hiyo nyeupe na nyeusi hazitofautiani sana. Weusi unaousifu kwa macho yako injini haiujui.

Je, faida yake ni kubwa? Uso mweusi kamili wenye nyuzi 150, mazingira yakiwa nyuzi 30, hutoa kama wati 1,340 kwa mita ya mraba kwa mionzi. Hewa ya mwendoni, kwa hesabu ya juu, inabeba wati 6,000. Halafu kuna jambo jingine: mapezi yanatazamana. Mionzi inayotoka pezi moja inapokelewa na jirani yake, kwa hiyo kinachorusha joto nje kwa kweli ni kingo na mzunguko wa nje wa injini, eneo dogo kuliko jumla ya mapezi yote yanayopigwa na upepo. Ukiwa mwendoni, mionzi ni nyongeza ndogo. Ukisimama kwenye foleni upepo umekata, hewa inabeba sehemu ndogo sana ya ilichokuwa inabeba, na hapo mionzi inakuwa msaada wa kweli. Kwa hiyo ushauri wangu: tabaka moja, jembamba, la rangi inayostahimili joto, isiyong'aa. Kama mapezi yako ni safi na hayana kutu, kuyaacha matupu nayo ni sawa kabisa. Kwenye silinda ya chuma cha kusubu rangi hiyo ni ya lazima, kwa sababu kutu ikishika ni ukoko mwingine. Mpako wa kauri wa kuzuia joto usifike hapa hata tone.

Tuingie ndani sasa.

Mpako wa kauri unaopakwa juu ya pistoni kwa kawaida una zirkonia ndani yake, aina ya kauri inayostahimili joto kali. Kwenye injini za ndege za turbini, zirkonia iliyochanganywa na itria asilimia 7 au 8 hupulizwa ikiwa imeyeyushwa kwa plazma, juu ya tabaka la kushikisha lenye nikeli, kromu na alumini, na ndiyo inayolinda sehemu zinazokaa katikati ya moto. Upitishaji wake wa joto ni karibu 1, yaani mara mia na zaidi chini ya alumini. Hapo ndipo sifa za kauri zilipoanzia, na ni sifa za haki. Tatizo ni kwamba unachouziwa kwa pistoni ya pikipiki mara nyingi si hicho. Ni unga wa kauri uliochanganywa kwenye gundi, ukapulizwa kama rangi, ukaokwa, ukawa na unene wa maikroni 25 hadi 50.

Tuhesabu tena. Injini ikiwa imekazwa mpaka mwisho, chukua wati 300,000 zinapita kwenye kila mita ya mraba ya uso wa pistoni. Maikroni 30 za kauri zitaweka tofauti ya nyuzi 9 kati ya juu yake na chuma kilicho chini. Maikroni 300 za plazma zitaweka nyuzi 90. Unaona sasa tofauti ya ile bidhaa ya turbini na ile iliyo kwenye kopo. Nyuzi 9 si bure: kwenye pistoni iliyo ukingoni zinasaidia, na mpako unachukua kipigo cha kwanza cha mwali pale petroli inapolipuka kabla ya wakati wake. Mtu akikuahidi kwamba kopo lake litapunguza joto la pistoni kwa nusu, mwombe akufanyie hesabu hiyo mbele yako.

Kwa nini basi tusipake maikroni 300 tukamaliza? Sababu ya kwanza ni nafasi. Pistoni ya kipenyo cha milimita 60 ikiongezewa tabaka hilo inakula karibu cc 0.85 za chemba. Kwa injini ya cc 150 yenye mgandamizo wa 9.5 kwa 1, mgandamizo unapanda mpaka 9.9, na wewe injini yako tayari inagonga, yaani mchanganyiko unajilipukia wenyewe ndani ya silinda. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Uso mnene wa kauri hubaki wa moto hata wakati hewa mpya inaingia. Hewa inapashwa, inatanuka, inaingia kidogo, na mchanganyiko unakaribia kujilipukia wenyewe. Injini ya petroli inaadhibiwa kwa hilo haraka kuliko ya dizeli.

Somo hili liligharimiwa sana huko nyuma. Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, kampuni ya Cummins na jeshi la nchi kavu la Marekani walijaribu kutengeneza injini ya dizeli isiyopoteza joto, wakaikinga ndani kwa kauri, na wakaendesha lori la jeshi la tani tano likiwa halina mfumo wa kupoozea kabisa. Lilitembea. Lakini sehemu kubwa ya joto lililozuiwa kuingia kwenye chuma haikugeuka kuwa nguvu ya gurudumu, ilitoka na moshi, na ili kuipata ilibidi kufunga turbini nyingine nyuma ya ekzosi. Mwaka 2015 Toyota ilikuja na njia tofauti kwenye injini yake ya dizeli ya 1GD-FTV: tabaka jembamba lenye vinyweleo, la alumini iliyotiwa anodi (iliyooteshwa ngozi ngumu ya oksidi kwa umeme) na kuimarishwa kwa silika, juu ya pistoni. Halihifadhi joto. Linapanda haraka na mwali na kushuka haraka na hewa inayoingia, hivyo hewa haipashwi. Mafunzo ya miaka thelathini na zaidi yalielekea kwenye wembamba, na ukisikia mtu anajivunia unene wa mpako wake ndani ya chemba ya petroli, kaa mbali naye.

Nikuongezee jambo ambalo ukishaliona hutalisahau. Toa pistoni yako ya zamani uiangalie juu. Ule weusi mgumu ni kaboni, na kaboni hiyo ni mpako wa kuzuia joto ambao injini imejipaka yenyewe bila malipo. Inakinga, ndiyo, lakini inakaa na joto na kuongeza hamu ya injini kugonga. Sehemu ya kule kugonga unakokusikia mlimani inaweza kuwa inatoka hapo. Safisha pistoni na chemba mpaka chuma kabla ya kuamua lolote kuhusu kauri.

Kama una nafasi ya kupaka sehemu moja tu ya ndani, nakuomba iwe tundu la ekzosi. Hapo mpako unafanya kazi ambayo hauna namna ya kuiharibu: hauko karibu na hewa inayoingia, haubadilishi mgandamizo, na kila wati linalozuiwa kuingia kwenye hedi linaondoka na moshi ambao ulikuwa unaondoka hata hivyo. Porsche walilipa uzito jambo hili kwenye 911 ya toleo la 964 iliyotoka mwaka 1989, bado ikipoozwa kwa hewa: waliweka bitana za kauri ndani ya matundu ya ekzosi, zikasubiwa pamoja na hedi yenyewe. Bitana kama hiyo huwezi kuitia kwenye hedi yako baada ya kiwanda, na mpako wa kupuliza ni mdogo wake wa mbali, lakini uko upande ule ule wa ukweli. Utandazwe sawasawa, usivimbe kwenye kona ya chini ambako gesi inapinda, na uishie milimita kadhaa kabla ya siti ya vali.

Siti ya vali isiguswe kabisa. Vali ya ekzosi huishi kwa sababu ya siti hiyo: sehemu kubwa ya joto lake, karibu robo tatu, hutoka kupitia ule ukingo mwembamba inapokalia kila inapofunga, na nyingine hushuka kwenye shina na bushi yake. Ukiziba ukingo huo kwa unga wa kauri, vali itaungua hata kama kila kitu kingine kimepoa.

Pembeni ya pistoni, kwenye sketi, kazi inakuwa nyingine. Hapo hutakiwi kuzuia joto, unatakiwa kuzuia msuguano. Mpako wake una grafiti au molibdeni disulfidi, vilainishi vikavu, ndani ya resini ngumu, maikroni 10 hadi 20, na pistoni nyingi mpya siku hizi zinatoka nao kiwandani, ile rangi ya kijivu cheusi pembeni. Unasaidia injini inapowashwa ikiwa baridi na oili haijafika, na unasaidia siku pistoni imetanuka inataka kunata. Pima kabla ya kupaka: maikroni 15 kila upande zimeshakula 30 za nafasi kati ya pistoni na silinda, na kwenye injini ndogo nafasi yote inaweza kuwa 40 tu. Pistoni ya injini ya hewa hutanuka sana, kwa hiyo nafasi hiyo usiichezee.

Na sasa mpako ninaoupenda kuliko yote, ingawa haukutajwa kwenye swali lako. Kama silinda yako ni ya chuma cha kusubu, joto linapita ndani yake kwa theluthi moja ya linavyopita kwenye alumini. Kampuni ya Mahle ya Ujerumani miaka ya 1960 ilitengeneza Nikasil: nikeli yenye chembe za silikoni kabaidi, inayopakwa kwa umeme moja kwa moja kwenye ukuta wa alumini. Silinda nzima inakuwa alumini, ringi zinateleza kwenye ngozi ngumu isiyofika hata sehemu ya kumi ya milimita, joto linafika kwenye mapezi bila kuvuka chuma kizito, na silinda inatanuka sambamba na pistoni. Porsche waliitumia kwenye gari la mashindano la 917, kisha kwenye Carrera RS 2.7 ya mwaka 1973. Leo mipako ya jamii hiyo iko kwenye pikipiki nyingi na misumeno ya minyororo. Kama kuna silinda ya namna hiyo inayoingia kwenye injini yako, hiyo itaipoza kuliko kopo lolote. Ujue tu kwamba haichongwi kupanuliwa: ikichakaa hupakwa upya na kusuguliwa kwa mawe ya almasi, na lazima uulize ringi zinazokubaliana nayo.

Kuna sehemu ambazo hazitakiwi kuguswa na rangi ya aina yoyote, na wapakaji wengi hawazijali: uso wa gasketi juu na chini ya silinda, kikalio cha plagi, na mahali nati zinapobana. Rangi chini ya nati hulainika kwa joto na kuminywa taratibu. Nati uliyoikaza kwa kipimo sahihi inabaki imelegea bila kuzunguka hata kidogo. Mafundi wa ndege wanakijua kisa hiki vizuri, kwa sababu rangi nene kwenye flanji ya silinda, ule ukingo unaobanwa kwa nati, inaweza kuishia na stadi (boliti zinazoishika silinda) zilizokatika.

Usafishaji kabla ya kupaka una hatari yake, na hapa nakusimulia nililoliona kwa macho yangu. Hedi moja niliyokuwa naishughulikia ilipelekwa kwa mpakaji ikarudi nzuri mno, kijivu laini kila kona. Mhusika alikuwa ameipuliza kwa shanga za kioo ili mpako ushike. Kabla ya kuifunga niliiweka juu ya kitambaa cheupe nikaigonga kwa nyundo ya mbao. Hakikutoka kitu. Nikaipasha moto kidogo, nikapuliza hewa ya kompresa kwenye tundu la oili la rokaamu (mkono unaosukuma vali), nikagonga tena. Zikatoka, moja moja, ndogo kama chembe za chumvi, zikametameta kwenye kitambaa. Niliendelea mpaka nikaacha kuziona, kisha nikaosha kwa maji ya moto na sabuni na kuanza upya mara tatu. Chembe moja kati ya hizo ikifika kwenye beringi ya krankshafti, faida yote ya mpako imepotea kwa siku moja. Ziba kila tundu la oili na kila tundu la boliti kabla ya kupuliza, usiruhusu shanga kwenye mifereji ya ringi, na hata hivyo fanya jaribio la kitambaa.

Kabla ya kupuliza, hedi iokwe kwanza peke yake. Alumini iliyosubuliwa imeficha oili kwenye vinyweleo vyake, na ikipashwa inatokwa jasho. Ukipaka kabla jasho halijatoka, mpako utaachia kama ngozi ya nyoka. Kuhusu kuoka baada ya kupaka, fuata karatasi ya mtengenezaji wa mpako, na usikubali pistoni au hedi ya alumini ipelekwe juu ya nyuzi 200. Juu ya hapo unaanza kulainisha aloi uliyokuwa unataka kuilinda.

Nirudi kwenye injini yako. Dalili ulizozitaja, kuchoka, kugonga na kunuka, hazinionyeshi injini iliyokosa mpako. Kwanza angalia njia ya upepo. Walioitengeneza Volkswagen ya mgongo wa kobe walifunika injini kwa mabati ili kila tone la hewa ya feni lipite kwenye mapezi, na bado silinda namba tatu ilikuwa inateseka kwa sababu kipoza oili kilisimama kwenye njia yake, mpaka kilipohamishwa kwenye matoleo ya 1971. Kwako angalia kama kuna ngao, taa ya ziada au mzigo uliofungwa mbele ya silinda, au bati la kuelekezea hewa lililovunjika. Pili, mchanganyiko. Petroli ikiwa chache, hewa ikiwa nyingi, joto la hedi linapanda: safisha kabureta, hakikisha jeti ni ya ukubwa wake, na tafuta pumzi ya hewa inayoingia kwenye mpira wa manifoldi uliopasuka. Tatu, taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche: moto ukiwahi sana injini inagonga na pistoni inapata joto, ukichelewa sana joto linahamia kwenye ekzosi. Ukishafunga injini, weka kipima joto cha ringi chini ya plagi, panda mlima ule ule na mzigo ule ule, andika namba. Ni bora upime kabla ya kupaka chochote na baada ya kupaka, maana bila namba ya kwanza ya pili haina maana.

Kwa hiyo sehemu zitakazokwenda kwa mpakaji safari hii ni tundu la ekzosi kwa mpako wa kuzuia joto, na sketi ya pistoni kama haina mpako wa kiwandani na nafasi inaruhusu; bomba la ekzosi lisubiri. Uso wa pistoni upake mwembamba ukipenda, baada ya kutatua kule kugonga, wala usitegemee miujiza. Mapezi yaoshwe.

Kuhusu bomba: chuma kinachogeuka bluu kimefika nyuzi 300 hivi. Kwenye injini ya silinda moja bluu kidogo sentimita chache kutoka kwenye hedi ni kawaida. Ikishuka mbali kwenye bomba, au ikitokea ndani ya siku chache baada ya kufunga bomba jipya, hiyo ni petroli chache au taimingi iliyochelewa, na inaungana na dalili zako nyingine. Mpako wa kauri wa bomba, ndani na nje, utazuia joto hilo lisirudi kwenye silinda na kwenye mguu wako, na ni bora kuliko kuzungushia kitambaa cha kukinga joto, ambacho hushika maji ya mvua na kulila bomba kwa kutu chini kwa chini. Lakini mpako utaificha pia ile bluu. Kwa hiyo usilipake bado: rekebisha kabureta na taimingi, endesha wiki mbili na bomba likiwa tupu, ukilitazama rangi yake kila jioni.